Corolla ya zamani inayomisi na kuacha: namna ya kutafuta chanzo hatua kwa hatua

Misi, yaani silinda kukosa kuchoma mafuta na injini ikaruka mpigo, ikiwa ya kudumu haimsumbui fundi. Anawasha gari, anasikia, anafungua, anaona. Inayotesa ni ile inayokuja asubuhi ya mvua na kupotea saa nne, au inayojitokeza mlimani tu ukiwa umebeba watu, na ukifika gereji injini imetulia kabisa. Hapo ndipo wenye magari wanapomaliza fedha. Wananunua plagi, misi inabaki. Wanabadilisha pampu, misi inabaki. Mwisho wanashauriwa watafute injini nyingine, wakati kosa lilikuwa kwenye waya mmoja.

Mwongozo huu ni wa Toyota za petroli zenye injeksheni na distributa (kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi), hasa injini ya 4A-FE ya cc 1587 na 5A-FE ya cc 1498. Ndizo zilizo kwenye Corolla nyingi za 90, 100 na 110, Sprinter na Carina za mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990, ambazo bado zinafanya kazi kila siku kuanzia Mombasa hadi Mbeya. Mpangilio wa kutafuta unafaa gari lolote la kizazi hicho, ila vipimo nitakavyotaja ni vya injini hizi.

Vifaa unavyohitaji si vingi: multimita, testa ya taa, soketi ya plagi ya mm 16, chupa ya kunyunyizia maji, kipande cha waya cha kuunganishia, na kama unaweza kuazima, geji ya presha ya mafuta na ya kompresheni. Kinachohitajika zaidi ni subira. Misi ya kuja na kuondoka hutafutwa wakati ipo. Ukibadilisha spea wakati injini imetulia, huna njia ya kujua kama umetengeneza au imejificha tu.

Anza na taa ya dashibodi, kabla hujagusa betri

Mafundi wengi wakisikia misi huanza kwa kuchomoa betri "ili kompyuta ijipange". Usikubali. Kompyuta ya gari hizi huhifadhi kodi za makosa, yaani namba zinazotaja kosa lilipo, kwa umeme wa betri, na ukichomoa unafuta ushahidi uliokuwa nao.

Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Kifungue, nyuma ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Gari likiwa limezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. AC izimwe, gia iwe N au P, usikanyage mafuta. Washa swichi bila kupiga stata, kisha hesabu mimweko ya taa ya cheki injini. Ikimwekamweka mfululizo kwa haraka bila kupumzika, hakuna kodi. Ikimweka mara moja, ikatulia, ikamweka mara mbili, hiyo ni 12.

Kwa tatizo la misi, kodi zenye maana ni chache. 12 na 13 zinahusu ishara ya mzunguko wa injini inayotoka kwenye distributa. 14 ni ishara ya moto (umeme wa cheche za plagi) isiyorudi kwenye kompyuta. Ikikosekana, kompyuta inakata mafuta kabisa, kwa hiyo unaweza kudhani pampu imekufa kumbe shida ni ya moto. 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya presha ya manifodi, 41 ni sensa ya throto, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Ukiona 51, angalia kwanza kama AC imewashwa au mguu uko kwenye mafuta.

Lakini elewa jambo hili vizuri: mfumo huu hauna kodi ya misi. Gari za kisasa hukuambia silinda namba tatu haichomi. Corolla ya 1993 haijui hilo. Plagi inaweza kufa, waya ukapasuka, na taa ikaendelea kukuonyesha kwamba kila kitu ni salama. Kutokuwa na kodi hakumaanishi hakuna kosa.

Andika misi inakuja lini

Chukua daftari au simu, na kwa siku chache andika kila inapotokea: injini ya baridi au ya moto, mvua au jua, mlima au tambarare, tenki limejaa au taa ya mafuta imewaka, baada ya kuoshwa au la. Inaonekana kazi ya kitoto, lakini hapa nusu ya jibu hupatikana.

Misi ya mlimani na mizigo, inayotoweka ukiachia mafuta, mara nyingi ni ya moto. Ukikanyaga, hewa inayobanwa ndani ya silinda inakuwa nyingi, na cheche inahitaji volti kubwa zaidi ili iruke kwenye plagi. Kama waya au kifuniko cha distributa kina ufa, umeme utachagua njia hiyo rahisi. Misi ya gari likiwa limesimama, inayopotea ukipiga resi, inaelekeza kwenye hewa inayovuja au valvu zisizofunga vizuri. Misi ya unyevunyevu karibu kila mara ni nyaya, kifuniko au plagi. Misi ya baada ya mwendo mrefu, injini ikishachemka vizuri, inaonyesha kidole koili (inayozalisha umeme wa cheche), ignaita (inayoiwasha na kuizima koili), au pampu iliyochoka.

Tazama pia mshale wa RPM gari linapokosa nguvu barabarani. Kwenye gari hizi mshale huo unapata ishara yake kutoka kwenye mfumo wa moto. Ukidondoka ghafla na kurudi huku magurudumu yanaendelea kuizungusha injini, moto unakatika. Ukishuka taratibu pamoja na mwendo, fikiria mafuta.

Silinda moja au zote?

Hili ndilo swali kubwa, na ukilijibu umepunguza orodha kwa zaidi ya nusu. Ikimisi silinda ileile kila mara, tafuta vitu vyake yenyewe: plagi, waya, nozeli inayopuliza petroli, valvu, gasketi yake ya manifodi. Zikimisi zote ovyo ovyo, tafuta vinavyotumiwa na zote: koili, rota, ignaita, pampu, relei, waya wa hasi, swichi.

Sikiliza kwanza kwenye ekzosi. Weka kiganja karibu, bila kugusa bomba. Mpigo unaoruka kwa mpangilio, pu-pu-pu-kimya, ni silinda moja. Ukiruka bila mpangilio, ni zote au mchanganyiko wa hewa na mafuta.

Kisha, misi ikiwepo, chomoa soketi za nozeli moja baada ya nyingine na kuzirudisha. Ukichomoa ya silinda isiyo na kosa, injini inatetemeka na RPM inashuka. Ukichomoa na hakuna kinachobadilika, umempata mgonjwa wako. Tazama sekunde ya kwanza tu, maana kompyuta hufungua hewa zaidi kuinua RPM na kukuficha mabadiliko.

Najua wengi wamezoea kuchomoa waya wa plagi injini ikizunguka. Acheni desturi hii. Umeme ule ni wa maelfu mengi ya volti, ukikosa pa kwenda unaweza kupita kwako, au kuiua ignaita, na mafuta yasiyochomwa yanaishia kwenye ekzosi na kuharibu masega yanayosafisha moshi. Soketi ya nozeli inakupa jibu lilelile bila madhara hayo.

Moto: hapa ndipo pa kukaa muda mrefu

Kwa injini hizi, ukinipa gari linalomisi mara moja moja bila historia yoyote, nitaanza kwenye visima vya plagi. Plagi za 4A-FE zimezama katikati ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, na kila kisima kina oili sili yake. Sili ikikauka, oili inachuruzika na kujaa kisimani, inalainisha mpira wa waya wa plagi hadi unavimba, na moto unapata njia ya kuteleza pembeni ya plagi kwenda kwenye hedi. Kibaya zaidi ni ile desturi ya kupiga injini maji ya presha mahali pa kuoshea magari. Maji yanaingia visimani, injini inamisi siku hiyo, joto linayakausha, kesho gari ni zima. Kisha linaoshwa tena.

Acha injini ipoe. Vuta waya kwa kushika mpira wake, si waya wenyewe, na funga namba kwa karatasi ya gundi: namba moja iko upande wa mkanda wa taimingi, na mpangilio wa kuchoma ni 1-3-4-2. Mulika tochi kisimani. Ukiona oili inang'aa au maji, nyonya kwa kitambaa kabla hujafungua plagi, la sivyo vinadondokea ndani ya silinda. Kama kuna mchanga, upulize utoke pia.

Plagi ikitoka, usiangalie ncha peke yake. Igeuze polepole kwenye mwanga uone kaure nyeupe. Mstari mwembamba mweusi, kama umechorwa kwa penseli kutoka juu hadi kwenye chuma, ni njia ambayo moto umekuwa ukipita. Haufutiki kwa petroli wala msasa. Na ndani ya mpira wa waya uliokaa juu ya plagi hiyo kuna alama inayolingana nayo, kwa hiyo badilisha vyote viwili. Ukiweka plagi mpya kwenye mpira uleule, alama itajichora upya.

Mwanya wa plagi kwa injini nyingi hizi ni mm 0.8; plagi ambazo namba yake ya NGK au Denso inaishia na 11 zimetengenezwa kwa mwanya wa mm 1.1. Angalia kitabu cha gari lako, na upime hata mpya kutoka dukani. Plagi za bandia ni nyingi sokoni, na plagi ya bandia inaweza kuleta misi ileile uliyokuwa unaifukuza. Nunua kwa muuzaji utakayemrudia na kumwonyesha ikiwa mbovu.

Nyaya pima kwa multimita. Kila waya usizidi kilo-ohm 25. Lakini usitosheke na namba iliyotulia: ukunje, uvute kidogo, uzungushe mwisho wake huku unatazama skrini. Namba ikiruka, waya umekatika ndani. Huo ndio ugonjwa hasa wa kuja na kuondoka.

Kisha kifuniko cha distributa. Fungua skrubu, kigeuze, tafuta ufa mwembamba, mistari ya kaboni kati ya nguzo, na kile kitufe cha kaboni cha katikati kama bado kinatokeza. Magari ya Tanga, Dar, Mombasa na Unguja yana adui wa ziada, hewa ya chumvi: nguzo huota unga mweupe au wa kijani, hata kama gari halijatembea sana. Angalia ncha ya rota kama imeungua. Ukikuta oili ndani ya kifuniko, sili ya shafti ya distributa imeisha, na kubadilisha kifuniko peke yake ni kununua miezi michache tu.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halina gharama. Usiku, mahali penye giza na hewa ya kutosha, washa injini na ufungue boneti. Nyunyizia ukungu mwepesi wa maji safi kwenye nyaya, mmoja baada ya mwingine, na mwisho kwenye kifuniko. Mikono isiguse kitu. Penye uvujaji utaona cheche za buluu zikitambaa na kusikia tiki-tiki-tiki, na misi itakuja papo hapo mbele ya macho yako.

Kama kila silinda inaathirika na vifuniko ni vizima, sogea kwenye koili, ambayo kwenye nyingi ya injini hizi imo ndani ya distributa. Ipime ikiwa baridi, kisha mara tu gari linapokorofisha likiwa la moto. Koili mbovu hupima vizuri asubuhi. Ignaita ifanyie jaribio la joto: ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele injini ikizunguka, moto ukikatika, poza kwa kitambaa chenye unyevu kilichokamuliwa vizuri, na ukirudi, umepata jibu. Waya mwembamba unaotoka kwenye kipokezi cha ishara ndani ya distributa nao huvunjika ndani ya ganda lake. Utikise huku mtu anatazama RPM.

Mafuta

Kabla ya geji, jiulize kuhusu tenki. Wanaotembea kila siku taa ya mafuta ikiwa imewaka wanailazimisha pampu kunyonya hewa kwenye kona na milima, na pampu inayopozwa na petroli inachemka. Jaza nusu tenki, endesha siku mbili, uone.

Petroli yenyewe inaweza kuwa na mafuta ya taa. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa sababu ya uchakachuaji huo. Dondosha matone kwenye karatasi nyeupe na uache yakauke: petroli safi inaondoka karibu yote, mafuta ya taa yanabakiza doa la mafuta. Maji utayaona ukiweka petroli kwenye chupa ya kioo, yanakaa chini.

Presha: injini ikizunguka, ukichomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta), geji isome PSI 38 hadi 44, ukiurudisha, injini ikizunguka bila kukanyagwa, ishuke iwe kati ya 30 na 37. Ukikuta petroli ndani ya mpira huo wa vakyumu, regyuleta imepasuka. Kuiwasha pampu bila injini, unganisha +B na FP kwenye kile kiboksi na washa swichi. Weka kizima moto karibu, na sigara mbali.

Kwa tatizo linalokuja barabarani tu, presha ya gereji haitoshi. Funga geji kwa klampu imara, mpira wake upite nje ya boneti, ibandike nje ya kioo cha mbele, kamwe usiiingize ndani ya gari, na panda ule mlima. Presha ikianguka kabla ya misi, ni filta, pampu au relei. Ikibaki imesimama, yaache mafuta.

Nozeli hupima kati ya ohm 13 na 14 hivi. Ukitilia shaka moja, ihamishe kwenda silinda nyingine. Misi ikihama nayo, ndiyo.

Hewa na sensa

Nyingi ya injini hizi hupima hewa kwa sensa ya presha ya manifodi iliyo karibu na ukuta wa nyuma wa injini, inayounganishwa kwa mpira mwembamba. Mpira huo hukauka na kupasuka mwishoni, pale unapovalia bomba. Ukitikisika, unafunga na kufungua. Ukifunguka, kompyuta inadhani umekanyaga mafuta hadi mwisho na inamwaga petroli: moshi mweusi, misi, plagi nyeusi. Kata mwisho uliochoka kama urefu unatosha, au weka mpya.

Kwa mfumo huu, hewa inayovuja kwa ujumla hupandisha RPM zaidi ya kuleta misi, kwa kuwa kompyuta huiona na kuongeza mafuta. Inayoleta misi ni ile inayovuja mlangoni kwa silinda moja, kwenye gasketi ya manifodi au mpira wa nozeli. Nyunyiza maji kidogo hapo. Sauti ikibadilika, umepaona.

Sensa ya joto la maji ipimwe ohm: kilo-ohm 2 hadi 3 kwa nyuzi 20, kilo-ohm 0.2 hadi 0.4 kwa nyuzi 80. Inayoruka katikati ni mbovu.

Waya wa hasi na swichi

Kompyuta hupata hasi yake kupitia nyaya zilizofungwa kwa boliti kwenye manifodi. Gari lililowahi kushushwa injini mara nyingi lina boliti hiyo imelegea au imepakwa rangi. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, washa taa na feni. Zaidi ya volti 0.2 ni dalili ya muungano mbaya. Fungua, sugua, kaza.

Halafu chezesha ufunguo kidogo injini ikizunguka. Taa za dashibodi zikipepesa na injini ikakohoa, swichi imechakaa. Rundo zito la funguo linaharakisha hali hiyo.

Ikiwa yote ni mazima

Pima kompresheni injini ikiwa ya moto, soketi ya distributa imechomolewa, plagi zote zimetolewa, throto imekanyagwa hadi mwisho. Nzuri ni karibu PSI 191, ya chini kabisa inayokubalika ni 142, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Iliyoshuka itie oili kijiko kimoja upime tena: ikipanda, ringi, isipopanda, valvu au gasketi. Valvu za ekzosi zilizobana kupita kiasi hutoa misi injini ikiwa ya moto na inazunguka bila kukanyagwa, na hurekebishwa kwa kubadilisha shimu, vile visahani vyembamba vya chuma vya kupanga mwanya wa valvu.

Kuna misi moja ya asubuhi inayodanganya wengi. Gari linamisi dakika moja baada ya kulala, linatoa mvuke mweupe, kisha linatulia siku nzima. Kama maji ya rejeta yanapungua na plagi moja ni safi kuliko wenzake, maji yanavuja silindani usiku kupitia gasketi ya hedi. Usiliendeshe gari hilo kwa matumaini, maana gharama inapanda kila wiki.

Baada ya kutengeneza

Futa kodi kwa kuchomoa fyuzi ya EFI ya ampea 15 kwa dakika moja swichi ikiwa imezimwa. Kisha rudi kwenye daftari na uipe injini mazingira yaleyale: mlima uleule, mzigo uleule, chupa ya maji kwenye nyaya zilezile. Soma kodi tena baada ya wiki. Ikirudi 14 peke yake wakati plagi, nyaya na kifuniko ni vipya, nenda moja kwa moja kwenye ignaita na soketi yake, ukianza na vile vipini vidogo vya shaba ndani ya soketi ambavyo hulegea vikashika nusu.